Aliyehesabu Hadi Saba

Kijijini kwetu mtoto akichelewa kuamka huambiwa, "We vipi, umegeuka Kalolaine?" Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka, na mimi mwenyewe nimeshamwambia hivyo mwanangu mara nyingi tu. Ndiyo sababu nayaandika haya. Nimechoka, magoti yananiuma na kesho asubuhi nina wagonjwa kumi na wanne, lakini nisipoyaandika sitapata raha.

Kalolaine ni binti wa Mzee Feleti, nyumba ya tatu kutoka kanisani, ile yenye bati lililoliwa na chumvi ya bahari upande mmoja. Ana miaka thelathini na minne, ila ukimkuta njiani utampa arobaini na tano bila kusita. Macho yamemwingia ndani, mashavu yamelegea, na akikusalimia unaona kabisa kwamba hata salamu inamgharimu. Hajaolewa. Alikuja baharia mmoja wa meli ya mizigo kutoka mjini, kijana wa heshima, kumposa, Kalolaine akamkataa. Akaja mwalimu mjane, akamkataa pia. Watu wakasema heri yao hao wanaume, maana mwanamke wa kusinzia hivyo angewapikia nini.

Jumanne wanawake wetu hukaa kwenye banda la kanisa kugonga magome kuwa vitambaa vya sherehe. Wanakaa wanane kwenye gogo moja, nyundo za mti zinapokezana, na mlio wake unanifikia kwenye kituo cha afya ninakofanya unesi. Nikiwa namfunga mtu kidonda huwa najua kabisa kwamba mdundo umekosewa, na sina haja ya kuuliza nani kakosea.

"Kalolaine, gome liko huku," Fusi humwambia. Fusi ndiye mkubwa wa banda, ana ulimi wa kunyoa ndevu. "Huko ndotoni unakogonga hakuna gome."

"Mwacheni jamani," mwingine hudakia. "Analala kwa niaba yetu sote."

Naye husema, "Samahani, dada zangu," akapangusa mate pembeni mwa mdomo, akaanza tena. Hajawahi kuwajibu hata siku moja. Zamani nilidhani ni kwa sababu hana la kujibu.

Baba yake naye alikuwa mtu wa kusinzia, ila kwake hakuna aliyecheka mbele yake. Mzee Feleti ni mzee wa kanisa, shingo yake ni nene kama paja langu, na akitembea amejifunga kiunoni mkeka wa heshima, vazi la wazee wetu, barabara inakuwa finyu. Jumapili moja alisimama kuwaombea vijana waliokuwa wanakwenda Australia kuchuma matunda. Akafika kwenye "uwalinde" akanyamaza. Tukadhani machozi yamemzidi, wengine wakaanza kulia kumsindikiza. Kisha tukamsikia anakoroma, amesimama wima, macho yamefungwa, mikono ameifumbata vizuri. Mchungaji ilimbidi amalizie yeye.

Mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Alisema analala vibaya kwa sababu nyumba yake haina utulivu. Kuna mtu anazunguka usiku kucha. Mtu huyo ni Kalolaine, maana tangu mama yake afe, miaka sita iliyopita, wamebaki wawili tu. "Usiku anazunguka, mchana analala kama paka," mzee alikuwa akiniambia kila akija kupimwa presha. "Nesi Vaia, huna dawa ya uvivu?"

Mimi nilikuwa nacheka. Namcheka binti, namwonea huruma baba.

Lakini presha yake ilikuwa inanitisha. Haishuki kwa kidonge chochote. Na ndani ya mwaka mmoja, katika parokia yetu, tulikuwa tumeshazika wanaume wawili wenye umbo lake, waliolala wakiwa wazima na asubuhi wakakutwa wamepoa. Watu walisema Mungu amewachukua kwa upole. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kubishana na Mungu, ila nimekuwa nesi miaka ishirini na sita na najua maana ya mtu mnene mwenye mkoromo unaokatika katikati. Pumzi inaziba usingizini. Inaziba, moyo unahangaika, inafunguka. Usiku mmoja isipofunguka kwa wakati, au mshipa wa kichwa ukichoka kuhangaika, ndiyo basi.

Zamani kumpima mtu ugonjwa huo ilikuwa lazima apande ndege mpaka Auckland, alale hospitalini amegandishwa nyaya kichwa kizima kwa gundi. Nani aende? Mzee ambaye watoto aliowazaa mwenyewe hawathubutu kumgusa kichwa, akampe kichwa hicho mgeni mwenye gundi? Niliwahi kumwambia Mzee Feleti habari za nyaya hizo, akanyanyuka akaaga.

Basi hospitali ya mjini ilipotuletea vipimo vipya, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Ni kibandiko tu cha kifuani, kikubwa kidogo kuliko biskuti, na pete ya kuvaa kidoleni yenye taa ndogo ndani. Hakuna waya, hakuna gundi, kichwa hakiguswi. Mtu analala kwake, kwenye mkeka wake. Kibandiko kinasikiliza pumzi, pete inapima hewa iliyo kwenye damu na kila mtikisiko wa kidole. Asubuhi unavileta kituoni, mimi naviunganisha na kompyuta, daktari wa mjini anasoma. Pumzi ikisimama sekunde kumi au zaidi, inahesabiwa. Ikizidi mara thelathini kwa saa, mgonjwa anapewa mashine ya kupulizia hewa usiku, ambayo watu wetu walioko ng'ambo walituchangia. Mashine zilikuwa nne kwa kisiwa kizima.

Mzee alikubali kwa sababu nilimwambia ni kipimo cha presha. Ndiyo, nilidanganya. Pete ikagoma kuingia. Vidole vya mtu aliyelima viazi vikuu miaka hamsini si vya pete. Nikaivisha kidole cha pili cha mguu wa kulia, ikakaa vizuri. Kisha nikamwita Kalolaine nimfundishe.

"Unabonyeza hapa mpaka taa iwe kijani," nikamwambia, polepole, kama mtu anayesema na mtoto. "Unamwekea mzee, analala. Asubuhi unavitoa. Siku tatu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, nesi."

"Rudia."

Akarudia neno kwa neno. Sikumuuliza yeye analala wapi, wala usiku anafanya nini. Kwenye karatasi hakuna swali hilo, na mimi nikafuata karatasi.

Majibu yakarudi baada ya wiki. Pumzi ilisimama mara sita kwa saa. Sita tu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hastahili mashine, ila ana tatizo jingine: mguu wake wa kulia unarukaruka usingizini, mara arobaini na kitu kila saa, usiku wote. Akaagiza vidonge vya kutuliza misuli.

Nilisoma mara mbili. Nikaona aibu, maana kwa miaka nilikuwa nimeshajiapia ni pumzi. Mzee Feleti alipokuja kusikiliza majibu alipiga goti lake kofi.

"Nilikwambia," akasema. "Mimi mzima. Miguu ya mtu aliyefanya kazi lazima ishtuke. Huyo binti ndiye wa kupimwa."

Jumanne nikachukua vidonge mwenyewe nikavipeleka bandani, ili Kalolaine ajue jinsi ya kumpa. Nilimkuta ametolewa kwenye gogo, ameketishwa pembeni anachambua magome, kazi ya wasichana wadogo. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikamweleza: mzee pumzi yake haina shida kubwa, ni mguu unaruka, ampe kidonge kimoja baada ya chakula cha jioni.

Aliniangalia. Kisha akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani anacheka.

"Nesi," akasema, "huo siyo mguu wake unaoruka. Ni mimi."

"Ni wewe kivipi?"

"Namvuta kidole gumba cha mguu huo. Pumzi ikikata, nahesabu mpaka saba. Ikiwa haijarudi, navuta. Anashtuka kidogo, pumzi inarudi, analala tena. Hata haamki vizuri."

"Kila siku?"

"Kila siku, nesi. Yeye akilala, mimi nipo miguuni."

Nikaketi kabisa chini. Wenzake walikuwa wanagonga, hawakusikia kitu. Nilimwuliza tangu lini, akasema tangu mama afe. Mama ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Yeye alilala ubavuni mwa mumewe na pumzi ikikata alimgeuza kichwa tu kwa mkono mmoja, hata macho hafungui. Alipougua, alimwita binti yake akamwonyesha. Lakini mtoto hamgusi baba yake kichwa. Kwa hiyo Kalolaine akatafuta mahali pa kumshika ambapo heshima haivunjiki, akaona ni mguuni.

"Na huwa unalala saa ngapi?"

"Katikati. Akikoroma nalala. Kelele haziniamshi. Kinachoniamsha ni kimya."

"Mbona hujamwambia mtu?"

"Nimwambie nani, nesi? Nimwambie baba kwamba mwili wake una kasoro? Au nimwambie Fusi?" Akatazama nyundo yake iliyolala chini. "Wewe mwenyewe uliniambia nirudie maneno kama mtoto wa shule. Nikajua hata wewe nikikwambia utasema nimeota."

Mtu mwingine angelia, mimi nilipandwa na hasira, na kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia zaidi ya mwenyewe nilisimama nikaondoka bila kuaga.

Njiani ndipo nilipoelewa kilichotokea. Kipimo kinahesabu pumzi iliyosimama sekunde kumi. Kalolaine anavuta kwenye saba. Usiku mzima alikuwa anamtangulia. Zile sita kwa saa ndizo zilizompita akiwa amepitiwa na usingizi. Alimwangalia baba yake vizuri mno mpaka ugonjwa ukafichika, na mashine ikaenda kwa mtu mwingine.

Kesho yake nikamwita kituoni, nikafunga mlango, nikamwambia wazi. Ili mzee apate mashine, lazima apimwe tena, na safari hii asimguse.

"Hapana," akasema.

"Kalolaine."

"Hapana, nesi. Na isiporudi?"

"Itarudi. Mwili unajiamsha wenyewe. Kabla yako na kabla ya mama yako alikuwa anapumua."

"Wale wawili tuliowazika, miili yao haikujua kujiamsha?"

Hapo alinikamata. Ningeweza kumwambia maneno ya kumtuliza, lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha katika familia ile. "Sijui," nikamwambia. "Inawezekana isirudi. Ila inawezekana vilevile usiku mmoja wewe usiamke. Una miaka thelathini na minne, umechakaa. Ukianguka wewe, nani atahesabu?"

Alinyamaza muda mrefu hata nikaangalia kama amelala. Hakuwa amelala.

"Basi iwe mchana," akasema. "Niione rangi yake. Na wewe uwepo."

Tukakubaliana Jumapili. Jumapili kwetu kisiwa chote kinalala. Watu wanatoka ibada ya asubuhi, wanafukua chakula kwenye tanuri la ardhini, wanakula majani ya magimbi na nyama ya kopo yaliyoiva kwa tui mpaka hawawezi kuinuka, wanalala mpaka kengele ya saa kumi. Hata mbwa wanalala. Mzee Feleti hulala pale chumba cha mbele, milango imeachwa wazi, kuanzia saa saba. Kipimo kinatosheka kwa saa mbili na nusu.

Nilifika na mkoba wangu. Mzee alikuwa ameshashiba, akanyoosha mguu mwenyewe nimvishe pete.

"Jumapili hata presha inapumzika, nesi," akanitania. "Ni wewe tu usiyejua amri ya Mungu."

"Lala, mzee," nikamwambia.

Alilala kabla sijafunga mkoba. Tukakaa, mimi na Kalolaine, kwenye mkeka upande wa miguu yake. Mkoromo ukaanza, ukapanda, vikombe kabatini vikawa vinaitikia. Kisha ukakata.

Midomo ya Kalolaine ilikuwa inahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba mkono wake ukaenda wenyewe, nikaushika kifundoni. Kifua cha mzee kilikuwa kinapanda na kushuka kama mtu anayevuta hewa, lakini hewa haiingii. Tumbo tu linahangaika. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili, akatoa mshindo wa koo, pumzi ikarudi.

"Hiyo moja," nikasema.

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Ziliendelea hivyo. Sitaki kuzisimulia zote. Kila mara mkono wake ulikwenda, kila mara niliushika, mpaka baadaye akaukalia. Mimi nilikuwa na saa yangu, nikajifanya nesi, naandika kwenye daftari: thelathini na moja, ishirini na nane, arobaini. Nimewaona watu wakifa. Nimewashika mikono. Lakini kukaa na mtu ninayeweza kumsaidia kwa kumvuta kidole tu, na nisimvute, hicho sikuwahi kufundishwa.

Karibu saa tisa ikaja moja ndefu. Thelathini ikapita. Hamsini. Midomo ikaanza kubadilika rangi, kucha zikawa kama zambarau iliyopauka. Sitini. Tumbo likaacha hata kuhangaika, likatulia. Na hapo, naapa, ni mimi. Mkono wangu mimi, nesi wa miaka ishirini na sita, ulitoka kwenye daftari ukaenda mguuni kwake.

Kalolaine akaudaka.

"Acha, nesi," akasema kwa sauti ndogo kabisa. "Ukimvuta sasa, itabidi nirudie yote haya. Siwezi kurudia."

Alikuwa analia, uso wote umelowa, lakini alinibana mkono kwa nguvu za mtu aliyegonga magome maisha yake yote. Sabini. Sabini na nne, mzee akatupa kichwa nyuma, akavuta hewa kwa kishindo, akageuka ubavu. Akaendelea kulala. Kengele ilipolia saa kumi akaamka, akapiga miayo, akasema leo amelala vizuri, maana kwa mara ya kwanza miguu yake haikumshtua.

Kalolaine akaenda kumletea maji ya kunawa uso.

Majibu safari hii hayakuchukua wiki. Daktari alinipigia simu Jumatatu jioni, akaniuliza kama nimekosea kuandika jina, maana haiwezi kuwa mtu yule yule. Nikamwambia ni yule yule. Mashine ilikuwa imebaki moja. Ikapakiwa kwenye meli ya Ijumaa, nami nikaenda bandarini kuipokea mwenyewe, nikaibeba mapajani mpaka kwa Mzee Feleti.

Nilimkuta na mgeni wake, dada yake mkubwa, Lesieli. Kwetu shangazi ndiye mkubwa wa nyumba hata kama anaishi kwingine. Akisema jambo, kaka yake hana la kuongeza. Alikuwa ameketi kwenye kiti pekee, mzee chini. Kalolaine alikuwa ametandika mkeka wa kumpokea shangazi yake, na baada ya kuutandika alikuwa ameegemea nguzo ya ukuta, mdomo wazi, amelala fofofo. Saa nne asubuhi.

"Unamwona?" shangazi akaniambia hata kabla sijakaa. "Hata mkeka haujanyooka. Ndugu yangu amezaa gogo."

Nikaweka boksi chini, nikamweleza mzee ni mashine ya kumsaidia kupumua akilala. Atavaa kifuniko puani, mkanda nyuma ya kichwa, atajivalisha mwenyewe. Uso wake ukabadilika.

"Mimi sina ugonjwa huo," akasema. "Karatasi yako ilisema mguu."

"Karatasi ile ilikosea."

"Basi na hii imekosea. Mpe mwenye shida. Wapo watu wana shida za kweli, mimi nije nifungwe bomba la pua kama injini?" Akacheka, akamtazama dada yake amuunge mkono. "Shida yangu iko pale ukutani. Mpe yeye dawa, mimi nitalala."

Nafikiri ningevumilia lolote siku ile isipokuwa hilo. Nilitoa karatasi zote mbili kwenye mkoba nikaziweka mbele yake, moja huku, moja huku.

"Mzee Feleti, na wewe shangazi, nisikilizeni, nikimaliza mnifukuze. Karatasi hii ni usiku: pumzi ilisimama mara sita kwa saa. Hii ni Jumapili mchana: mara hamsini na mbili kwa saa. Mojawapo ilifika sekunde sabini na nne. Nilikuwepo. Kucha zako zilikuwa za zambarau."

"Ni mtu mmoja?" shangazi akauliza.

"Ni mtu mmoja. Mkeka mmoja, kipimo kimoja."

"Sasa tofauti ni nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kalolaine alikuwa amelala, mkono mmoja umeangukia mkekani, vidole vimejikunja kidogo.

"Usiku ule alikuwa miguuni kwa baba yake," nikasema. "Pumzi ikikata anahesabu mpaka saba, anamvuta kidole. Jumapili nilimkataza. Tofauti ni hiyo."

Mzee alikuwa anazitazama karatasi, anaziinua moja moja, ingawa najua bila miwani haoni.

"Mara ngapi?" akauliza mwishowe. "Kwa usiku mmoja."

"Ukilala kwa muda wa saa nane, zinapita mia tatu na sitini."

"Tangu lini?"

"Tangu mkeo afe."

Nilitegemea atabisha, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na maneno makali bado. Hakubisha. Aliutazama mguu wake wa kulia, kisha akaukunja chini ya mwingine kama mtu anayeuficha.

Shangazi Lesieli alikohoa. Nadhani alitaka tu nyumba irudi katika hali yake. "Kalolaine," akaita, kwa sauti ya kawaida ya kuamrisha. "Amka, mwanangu. Nesi hajapata hata chai."

"Mwache," mzee akasema.

Sijawahi kumsikia mtu akimkatiza dada yake mkubwa hivyo. Hata shangazi alidhani hakusikia vizuri. Mzee akaweka kiganja sakafuni, akajiinua kwa tabu, bonge la mtu, akakaza mkeka wake kiunoni.

"Unakwenda wapi, Feleti?"

"Jikoni."

"Jikoni kufanya nini?"

Akaingia. Tukamsikia huko ndani anafungua kabati hili na lile, anatafuta vitu ambavyo hajui vilipo, sufuria ikaanguka, na mara ilipoanguka kukawa kimya kabisa, nikajua amesimama anasikiliza kama amemwamsha. Kalolaine hakuamka. Shangazi alikuwa ameukaza uso, anatazama mlango wa jikoni kama unaoungua.

Alirudi baada ya muda mrefu akiwa amebeba vikombe vitatu juu ya mfuniko wa sufuria. Majani yalikuwa yanaelea, maji hayakuchemka, sukari hakuna. Akamwekea dada yake, akaniwekea mimi, na cha tatu akakiweka mkekani karibu na mkono wa binti yake, mbali kidogo ili asije akakimwaga. Tukanywa. Shangazi alikunywa mpaka mwisho bila kusema neno.

Kisha mzee akalisogeza boksi kwa mguu mpaka kwangu, akainama, na akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii mashine yako inawashiwa wapi?"